Moshi wa Jiko la Rokimi

Katika kijiji chetu cha Hmunzau, mwanamke hapiki wali kabla hajatoa konzi ya Mungu. Mchele ukishapimwa ndani ya sufuria, konzi moja huchotwa na kutiwa kwenye kopo lililo kando ya jiko, ndipo maji humiminwa. Konzi hiyo hutoka katika mchele ule ule ambao nyumba itakula siku hiyo. Chenga za kuwapa kuku hazikubaliki, wala mchele uliochotwa guniani baadaye ili kujaza kopo. Kila sufuria, konzi yake. Jumamosi wakusanyaji hupita nyumba kwa nyumba, na mchele huo ndio uliojenga kanisa letu na kulipia wahubiri wanaokwenda vijiji vya mbali.

Zuali, ambaye tunamwita Mama Dari kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa ameishika kanuni hii kwa miaka kumi na tisa bila kukosa sufuria hata moja. Siku aliyojifungua huyo Dari, alimwita mumewe akiwa bado kitandani, jasho halijakauka, akamuuliza, "Umetoa konzi?" Mumewe alikuwa amesahau. Ilibidi nguruwe wapewe wali uliokwisha kuiva, na upikwe mwingine.

Jumapili ya mwisho ya kila mwezi katibu wa kanisa husoma majina ya nyumba kwa kufuata uzito wa mchele, kuanzia nyumba iliyotoa mwingi. Kwa miaka sita jina la kwanza lilikuwa la nyumba ya Zuali. Alipokuwa akilisikia alitazama mbele, hakutabasamu, akarekebisha ukosi wa blauzi yake. Alikuwa pia mmoja wa wakusanyaji wawili. Mwenzake alikuwa Bibi Biaki, mwanamke wa miaka sabini na mbili ambaye bado hupanda mlima wetu kwa kasi, na ulimi wake haunyamazi njia nzima.

Mwisho wa mwezi wa nane, katibu alisoma kwanza jina la Rokimi.

Rokimi ni mjane. Mwanawe wa pekee, Sanga, yuko jeshini mbali, na yeye huishi peke yake katika nyumba iliyo chini kidogo ya nyumba ya Zuali, kiasi kwamba kutoka jikoni kwa Zuali unaliona paa lake lote. Ana kipande kizuri cha shamba la mpunga bondeni. Huchelewa kanisani, hucheka kwa sauti mahali pasipo pa kucheka, na huimba nje ya sauti bila kujali. Mtu kama huyo alikuwa ametajwa kwanza.

Zuali alirekebisha ukosi wake, kisha akaurekebisha tena.

Jumamosi iliyofuata, wakusanyaji walipofika kwa Rokimi, kopo lake lilikuwa limejaa hadi juu, na jingine dogo lilikuwa limesimama kando yake.

"Kopo lako limepata mimba, Mama Sanga," alisema Bibi Biaki.

"Ndiyo, Bibi. Namtafuta baba. Wazee wa kanisa wote wanakana."

Bibi Biaki alicheka mpaka akakaa chini. Zuali hakucheka.

"Mtu mmoja unapika mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Njaa yangu haijui kuhesabu, Mama Dari."

"Mimi nina watu watano nyumbani, na napika mara mbili."

"Basi wanao wana adabu kuliko tumbo langu," alisema Rokimi, akamimina mchele wake katika mfuko wao wa kukusanyia na kuwafungulia mlango.

Tangu siku hiyo Zuali hakupata raha. Wivu ulikula naye mezani. Akimwona Rokimi akishuka njia ya bondeni na kikapu mgongoni, alijiuliza kuna nini ndani. Akisikia kicheko chake kisimani, alihisi ni yeye anayechekwa. Mkate wa mvuke ambao Rokimi alimletea Dari alipougua, ambao mwaka uliopita ungekuwa ujirani mwema, sasa aliuona kuwa majivuno, akauweka rafuni mpaka ukaota ukungu. Alianza kutia konzi mbili kwa kila sufuria, kisha tatu, na za ziada alizichota moja kwa moja guniani mchana wakati hakuna kinachopikwa. Kanuni aliyoilinda miaka kumi na tisa aliivunja kwa mkono wake mwenyewe, nayo ilivunjika kimya kimya, kwa sababu kopo lililojaa halisemi limejazwaje.

Mwisho wa mwezi wa tisa jina lake lilirudi la kwanza. Ungedhani yangeishia hapo. Lakini mchungaji alisimama na kusema kwamba ni ajabu kuona mjane, mtu wa sufuria moja, akikaribia nyumba kubwa namna hiyo, na kwamba sote tujifunze kwake. Watu waligeuka kumtazama Rokimi. Hakuna aliyemtazama Zuali.

Ndipo alipoanza kuhesabu moshi.

"Nne," alimwambia mumewe jioni moja. "Asubuhi, adhuhuri, alasiri, na sasa hivi. Moshi mara nne, Baba Dari! Mtu mmoja!"

"Na wa kwetu mara ngapi?"

"Mara mbili, unajua."

"Basi huu wa tatu ni wali wetu unaungua," alisema mumewe, akainuka kuuepua.

Sasa niseme jambo ambalo Zuali hakulijua, wala sisi wengine.

Zuali alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume, Khuma. Mama yao alizaa hao wawili tu. Khuma aliingia kwenye unga wa kulevya unaovushwa mto kutoka ng'ambo ya mpaka, akauza pete ya mama yao, kisha akauza cherehani ya dada yake. Siku ya cherehani, Zuali alimfukuza mbele ya majirani na kumwambia asiuone tena mlango wake. Mama yao mzee, aliyekuwa akiishi kwa Zuali, alilia, lakini hakuulizwa. Tulisema Khuma amevuka mto, na kwamba huko hakai mtu wa namna ile akarudi.

Katikati ya mwezi wa nane Rokimi alimkuta katika kibanda cha shamba lake, bondeni, akitetemeka kwa arosto ya kukosa unga, amejitapikia. Hakuwa amevuka mto. Alikuwa ameshindwa hata kutembea. Alimwomba Rokimi jambo moja: asimwambie dada yake mpaka aweze kusimama mbele yake kama mtu. Rokimi alikubali. Tumbo la Khuma halikushika kitu isipokuwa uji mwepesi wa mchele ukiwa moto, kidogo kidogo, basi Rokimi alipika adhuhuri, akapika alasiri, akafunga sufuria kwa vitambaa ndani ya kikapu na kushuka nayo bondeni. Na kwa kuwa ile ilikuwa sufuria, aliitolea konzi yake. Hakufikiri zaidi ya hapo. Wengi wetu tunajiona tunamfuata Yesu kwa sababu majina yetu yamo kwenye orodha ya kanisa. Rokimi alikuwa amepata mtu wa kulisha, akamlisha, na jina lake likapanda orodhani bila yeye kuangalia.

Zuali aliuona moshi tu. Na katika kijiji chetu, tunakopika asubuhi na jioni tu, moshi wa saa zisizo za chakula una maana moja: pombe ya mchele. Anayeipika hufukuzwa kijijini, na chama cha vijana cha kijiji kina ruhusa ya kupekua jiko lolote.

Alikwenda kwa Lawma, kiongozi wa vijana, kijana mwenye haki na haraka.

"Umesikia harufu?" Lawma alimuuliza.

"Nimeona moshi mara nne kwa siku. Na kikapu kinachoshuka bondeni kimefunikwa."

"Harufu, Mama Dari. Umeisikia?"

Hapa Zuali alikuwa na nafasi ya kurudi nyumbani. Mwenyewe alikiri baadaye, mbele ya mkutano wa wanawake, kwamba alijua hajasikia harufu yoyote.

"Nimeisikia," alisema.

Jumanne adhuhuri Lawma na vijana wenzake watatu waliingia jikoni kwa Rokimi. Zuali aliwafuata kwa nyuma na kusimama mlangoni. Rokimi alikuwa anafunga sufuria kwa vitambaa.

"Tusamehe, mama," alisema Lawma. "Tumeambiwa tutazame."

"Nani kawaambia?" Rokimi aliinua macho, akamwona aliyesimama mlangoni. "Aa."

Lawma alifunua sufuria, akachovya kidole, akalamba.

"Uji," aliwaambia wenzake. "Hauna hata chumvi."

Mmoja wao alicheka. "Tumekuja kukamata uji!"

"Uji wa nani?" aliuliza Zuali. "Wewe si mgonjwa."

Rokimi hakujibu. Alikuwa ametoa ahadi, na hakuwa mtu wa kutunga uongo haraka. Kimya hicho kilimponza. Lawma aliona kuna kinachofichwa, akauliza habari za bondeni, na alipoona uso wa Rokimi umebadilika, aliamini mtambo wa pombe uko kule. Wakashuka wote. Rokimi alishuka nao na sufuria yake kifuani, akisema njiani, mara tatu, "Ngojeni nitangulie mimi kwanza. Lawma, mwanangu, ningoje." Hawakumngoja.

Khuma alikuwa nje ya kibanda, amekaa kwenye gogo, anachonga vigingi vya uzio. Alikuwa mwembamba lakini msafi, nywele zimekatwa. Ilikuwa siku yake ya hamsini na tatu pale kibandani. Aliwaona vijana wanne wa chama wakishuka, na nyuma yao dada yake. Kisu kilimtoka mkononi.

"Umewaleta, dada?" alisema.

Zuali alisimama. Lawma naye alisimama, ameona kosa lao, akawaashiria wenzake warudi nyuma. Palikuwa na muda wa kutosha mtu kusema neno moja jema. Angeweza kusema hakuwa amemjia yeye. Angeweza kusema mama anamuulizia. Hata kulitaja jina lake tu kungetosha. Lakini alimtazama Rokimi na sufuria yake, akaona jinsi mdogo wake alivyomtazama mwanamke huyo kama anayetafuta pa kujificha, na wivu ule ule wa kopo ukamshika.

"Ukamwendea yeye?" alisema. "Mimi niliyekubeba mgongoni, hukunijia mimi. Ukamwendea huyu?"

"Ulisema nisiuone mlango wako."

"Na yeye amepata sifa kanisani kwa ajili yako! Unajua hilo? Anakulisha, anahesabiwa. Umekuwa mtaji wa watu!"

"Mama Dari," alisema Rokimi, "acha. Leo acha. Kesho njoo unitukane mpaka uchoke."

Khuma alimgeukia Rokimi. "Ni kweli? Unasomwa kanisani?"

"Mchele unasomwa," alisema Rokimi. "Kila sufuria ina konzi yake, unajua desturi. Kaa ule, uji unapoa."

Hakukaa. Alisema amechoka, anataka kulala kidogo, na akaomba waende. Alisema kwa upole, hata Lawma akamwamini. Rokimi aliacha sufuria mlangoni mwa kibanda. Wakapanda mlima, na kwenye njia panda ya nyumba zao akamgeukia Zuali.

"Ungeniuliza," alisema. "Mlango kwa mlango, hatua arobaini. Ungeniuliza tu moshi ni wa nini. Labda ningekuficha, labda ningekwambia. Lakini hukutaka kujua. Ulitaka niwe mbaya."

"Na wewe ungeniambia! Ni mdogo wangu!"

"Ndiyo. Hilo kosa ni langu, na nitalibeba. La kwako libebe wewe."

Alasiri Rokimi alishuka tena na sufuria ya pili. Ya kwanza ilikuwa pale pale, haijaguswa. Vigingi vilikuwa vimepangwa vizuri kando ya gogo, vyote kumi na tisa, na kisu juu yake. Nyayo zilielekea mto Tiau, ule wa mpakani, ambao mahali pale maji yake hayafiki magotini.

Baba Dari na Lawma walivuka kumtafuta. Walimtafuta siku sita. Muuza chai mmoja wa ng'ambo alisema amemwona, na kwamba alikuwa na wenzake wa zamani wa unga.

Zuali aliungama mbele ya wanawake wenzake mwezi uliofuata, bila kuulizwa. Alieleza habari ya harufu ambayo hakuisikia na ya mchele aliouchota guniani. Aliacha ukusanyaji. Katibu hasomi tena majina kwa uzito. Mchungaji aliondoa desturi hiyo, na nadhani alichelewa. Rokimi na Zuali husalimiana. Rokimi huenda kwa Zuali wakati wa kupanda na kuvuna, nao husaidiana kama majirani wanavyopaswa, lakini hawakai wakacheka.

Nimeona watu wakimwonea Zuali huruma kwa kuwa aliungama vizuri. Maungamo ni wajibu, na hayarudishi kitu. Mama yake alikufa mwaka juzi, mwezi wa pili, akiuliza kama Khuma amekula. Sasa ni mwaka wa nne, na Khuma hajarudi. Alikuwa ndugu pekee wa Zuali, na alikuwa amekaa siku hamsini na tatu bila unga.