Koti Langu Lilikwenda Uwanjani

Kazi yangu ni kuandika majina kwenye mitumbwi hapa Kibara. Nilijifunza kwa fundi mmoja wa mabango kule Kigera, Musoma, baada ya kumaliza darasa la saba. Siku aliyoniruhusu nianze kujitegemea aliniambia nina mkono mzuri, ila nikizidi kuwa mpole rangi itakuwa inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye mbao. Ni kweli. Herufi moja naizunguka kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja mwenye mitumbwi miwili. Yeye husimama nyuma yangu na kikombe cha uji, akatazama weee, kisha akauliza, "Mwanangu, hapo unaandika au unasuka mkeka?"

Kazi hii ina shida moja ambayo watu wa mjini hawaijui. Dagaa wanavuliwa wakati wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikianza kutoka, taa haiwavuti tena, kwa hiyo mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Wao wakipumzika mimi ndiyo naanza, maana mtumbwi unapakwa rangi ukiwa nchi kavu. Wakirudi ziwani mimi nakaa bure, na watu wa kusafiri nao hawapo. Ndivyo nilivyofika umri huu nikiwa shabiki wa timu ya taifa wa kusikiliza redio, brashi mkononi.

Mechi ikiwa Jumamosi mtu anaweza kujipanga. Lakini mechi za mataifa wanazipenda katikati ya wiki. Jumatano mwalimu yuko darasani, mwenye duka yuko dukani, na sisi huku tuna safari ndefu ya kwenda kokote kule. Wanaopanga tarehe nadhani wana kalenda nzuri sana ukutani. Dirishani hawachungulii kuona mwezi umefikia wapi.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kwenda, ambayo sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa aibu. Kanisani niko kwaya, sauti ya tatu, lakini naimba midomo tu. Mwalimu wa kwaya ameshaniweka katikati ya wenye vifua ili pengo lisionekane. Dukani nikikuta watu wawili nasubiri waondoke ndipo niseme nataka sabuni. Nilikuwa nimewaza hivi: kwenye uwanja uliojaa, mtu anaweza kupiga kelele kwa nguvu zake zote na asisikike na mtu yeyote. Nilikitaka hicho kuliko hata magoli. Nilitaka nijue sauti yangu ikoje.

Basi ikatangazwa kwamba timu ya taifa itacheza Mwanza, Jumatano, saa kumi jioni. Na Jumatano hiyo ilikuwa ndani ya mbalamwezi. Wavuvi wakakodi basi dogo, Kosta. Mwenyekiti wa mashabiki wa hapa, ambaye ni fundi wa injini za mitumbwi, akanifuata mwaloni, pale mitumbwi inapovutwa.

"Dogo, tunataka bango. Kubwa, wakituonyesha kwenye runinga tuonekane. Wewe hatukutozi nauli. Ukileta bango, kiti unacho."

"Niandike nini?"

"Andika KIBARA TUPO. Na uanze leo, nakujua."

Nilikwenda kwa yule mama kuomba ruhusa, kwa sababu mtumbwi wake mmoja nilikuwa nimeandika nusu ya jina tu. Nilisimama mlangoni kwake mpaka yeye mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Unataka kwenda mpirani."

"Ndiyo, mama."

"Nenda. Lakini Alhamisi asubuhi nikukute kwenye mtumbwi wangu, giza linarudi. Na huko ukapige kelele, maana hapa hatujawahi kukusikia."

Bango nililiandika kwa rangi ya bluu juu ya shuka, nikalimaliza alfajiri ya safari, yaani halikuwa limekauka. Herufi za mwisho zilikuwa bado zinanata. Niliikunja ile shuka kwa kulegeza kwenye fito mbili, nikaisimamisha kwenye kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha, nami nikakaa kando yake. Barabara ya kutoka Kibara kwenda Bunda ina vumbi, na dirisha lile lilikuwa halifungi. Nikaona vumbi linaingia na kutua kwenye rangi yangu. Nikavua koti nikalivika bango. Ncha za fito zikabaki zimechomoza juu, nikaziwekea kofia. Nilijiona nina akili sana. Kwenye koti lile kulikuwa na simu yangu, tiketi yangu ya mechi na hela zangu zote isipokuwa chenji iliyokuwa kwenye suruali.

Bunda tulisimama stendi. Mwenyekiti akasema, "Dakika tano! Anayechimba dawa achimbe!" Wenzangu wakatawanyika huku wanacheka. Mimi nilihitaji choo tangu tulipotoka nyumbani, lakini sikutaka kumuuliza mtu kiko wapi, kwa hiyo nilikitafuta mwenyewe. Nilipita nyuma ya maduka ya nguo, nikatokea kwa mafundi baiskeli, nikarudi, nikafuata watu wawili niliodhani wanakwenda huko kumbe wanakwenda kunywa supu. Nilipokipata, kilikuwa mita chache tu kutoka pale Kosta ilipoegeshwa, na kimeandikwa CHOO kwa herufi kubwa, vibaya sana, rangi imechuruzika.

Nilipotoka, Kosta ilikuwa inatembea.

Haikuwa inakwenda mbio. Ilikuwa inajipenyeza kati ya Haisi za abiria, hatua kwa hatua, na dirisha la nyuma liko wazi. Mtu mwingine yeyote wa Mkoa wa Mara angepiga ukelele mmoja na stendi nzima ingegeuka. Mimi niliinua mkono. Mkono ulifika usawa wa kifua. Nikasema, "Jamani." Nilisema kwa sauti ileile ninayoombea toba.

Konda mmoja wa Haisi aliniona. Akaja mbio, akanishika mkono.

"Lamadi? Lamadi twende, imebaki nafasi moja!"

"Hapana, mimi ile Kosta..."

"Ile imeshajaa kaka. Njoo huku."

Hapo Kosta ikashika lami ikaenda. Mtu aliyefunga safari kwenda kupiga kelele dakika tisini alikuwa ameshindwa kupiga moja ya kujiokoa mwenyewe.

Nilikaa pale stendi nikiamini watanikumbuka na kurudi. Jua likapanda, likaanza kushuka. Saa kumi ilipokaribia nikafuata vijana waliovaa jezi, safari hii kwa kuhakikisha kwanza kwamba hawaendi kwenye supu, wakanifikisha kwenye banda la mpira nyuma ya soko. Nililipa kwa ile chenji.

Banda lilikuwa la mabati juu hadi chini, mabenchi, na runinga imewekwa juu ya kabati. Nilikaa karibu na mzee wa makamo kutoka Butiama. Alikuwa na koti zito na skafu ya bendera, na viatu vyake vilikuwa bado na tope la zizini.

"Na wewe umeachwa?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Hapa wote tumeachwa. Mimi nimekamua ng'ombe, nikaja mbio mpaka njia panda, basi la kutoka Musoma likapita limejaa hata pa kuweka mguu hakuna; lililofuata likaishia hapa. Ng'ombe nitawaambiaje leo kuna mechi? Wao wanataka kukamuliwa. Na wewe?"

"Nilikwenda chooni."

Akanitazama. "Kwa muda gani?"

Nikaigeukia runinga.

Mechi ikaanza. Nilijitahidi kuitazama kama wengine lakini macho yangu yalikuwa kwa mashabiki. Kila kamera ilipozunguka jukwaani nilikuwa natafuta rangi ya bluu. Wenzangu walikuwa wamefika? Bango walilifungua au waliliacha garini? Herufi za mwisho zilikuwa zimegandamana? Watu wakisema "Aaah!" mimi nilikuwa nyuma yao kidogo, kama mtu anayeitikia sala asiyoijua.

Kisha likaonekana.

Lilikuwa nyuma ya goli letu. Lote, limenyooka, KIBARA TUPO, bluu ya mtumbwi juu ya shuka nyeupe, na ile B niliyoihangaikia ilikuwa imekaa vizuri kuliko B zote nilizowahi kuandika. Sijui nilipandaje juu ya benchi. Najua nilisikia sauti nene, yenye mkwaruzo, inapiga kelele, "Lile paleee! Lile paleee! Wee! Wee!" na mikono iko juu, na nilichukua muda kuelewa kwamba sauti hiyo ni yangu.

Nilichukua muda pia kuelewa kwa nini kamera ilikuwa imeelekezwa nyuma ya goli letu. Wageni walikuwa wametufunga.

Banda zima lilikuwa kimya. Watu walikuwa wameshika vichwa. Katika ukimya huo nilikuwa nimesimama mimi peke yangu, juu ya benchi, nashangilia.

"Wewe!" Mwenye banda alikuwa ameshafika. "Wewe ni wa wapi?"

"Kibara."

"Kibara ya nchi gani?"

Watu wakaanza kusema. "Mtoeni huyo!" "Kumbe tunakaa na mgeni hapa!" "We mura, kijana mzima unashangilia tukifungwa? Umelipwa na nani?" Ningeweza kueleza. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: lile bango nimeliandika mimi. Lakini sauti ilikuwa imesharudi ilikotoka. Nikaonyesha runinga kwa kidole, na kwenye runinga wakati huo walikuwa wanaonyesha wachezaji wa wageni wanakumbatiana.

Nikatolewa nje. Sikusukumwa sana, mtu wa aibu hutoka mwenyewe.

Kipindi cha pili nilikisikiliza kupitia mabati, nimekaa juu ya tairi bovu mahali bodaboda wanapoegesha. Nilijifunza kwamba mpira unaweza kuufuata kwa mabati. Kona ina mngurumo wake. Faulo ina matusi. Karibu na mwisho ikaja kelele ambayo haikuwa na matusi ndani yake, mabati yakatetemeka, jogoo mmoja aliyekuwa juu ya paa akaruka chini akaniangukia karibu na mguu. Tulikuwa tumesawazisha. Nikatazama kulia na kushoto, nikaona hakuna mtu, nikasema, "Goli," kwa jogoo.

Mechi ilipokwisha yule mzee wa Butiama alitoka akaja moja kwa moja nilipokaa.

"Hebu niambie ukweli. Ulikuwa unashangilia nini?"

Nikamwonyesha vidole. Rangi ya bluu ilikuwa bado imejaa kwenye kucha.

"Bango," nikasema.

Alivishika vidole vyangu, akavitazama kama mtu anayekagua kwato. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ile skafu. "Sasa kwa nini hukusema mule ndani?"

"Nilisema."

"Ulisema lini?"

"Nikiwa juu ya benchi."

Alicheka tena, akaondoka kuwahi ng'ombe wa jioni, na nilimsikia mpaka kona bado anacheka.

Kosta ilirudi Bunda jua limeshazama. Mlango ulipofunguka mwenyekiti alishuka kwanza, akaja kunishika mabega. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa upepo. Sauti ilikuwa imekwisha. Nikapanda ndani, nikakuta wote wako hivyo. Watu wazima wa ziwani, wanaoitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, walikuwa wananong'ona kama wasichana kanisani. Kwa minong'ono hiyo ndiyo nikaelewa. Mwenyekiti alikuwa amehesabu abiria kutoka mlangoni kabla ya kuondoka Bunda. Kiti cha nyuma dirishani aliona koti na kofia. Akasema, "Yule amelala, twende." Wala hakushangaa kwamba sisemi kitu. Njia nzima hakuna aliyeshangaa. Walipofika uwanjani wakanipigia simu, koti likaita.

"Koti lako limeona mechi nzuri," mmoja aliniambia kwa mnong'ono, akanirudishia. Lilikuwa na rangi ya bluu mgongoni kwa ndani, herufi mbili, zimegeuka.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye mtumbwi wa yule mama kama tulivyoahidiana. Wanawake wanaoanika dagaa walikuja, na wazee wa mwaloni, na watoto waliokuwa wanakwenda shule wakasimama. Wote walitaka habari za mechi. Wakawauliza wavuvi. Wavuvi wakashika koo, wakatikisa kichwa, na mmoja baada ya mwingine wakaninyooshea kidole mimi. Walifanya makusudi, nina hakika, na mwenyekiti alikuwa anacheka bila sauti mabega yakirukaruka.

"Haya, wewe ndiye umebaki na sauti," yule mama akasema, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Sema."

Sikuwa na pa kukimbilia. Mbele mtumbwi, nyuma ziwa. Nikaanza. Nilieleza polepole kama ninavyoandika, kitu kwa kitu, na hakuna aliyeondoka. Goli la wageni, ambalo runinga ililirudia wakati natolewa, nililieleza vizuri sana, mpaka mlinda mlango alivyoangukia upande usio wake, na nilimshangaa mtu aliyekuwa anaongea.

"Na la kwetu?" mama akauliza. "La kwetu liliingiaje?"

Nikaigeuza brashi mkononi. "La kwetu, mama, lilikuwa la nguvu. Lilipigwa, mabati yakatetemeka, jogoo akaanguka."

Watu wakashangilia. Yule mama peke yake ndiye aliyebaki ananitazama, uji umesimama njiani kwenda mdomoni.

"Uwanjani kuna jogoo?"

Nikachovya brashi, nikarudi kwenye jina la mtumbwi wake pale nilipoliachia.