Bima Inaanzia Kasindi

Kwa baba yetu tulizaliwa wanne, na ukituunganisha wote unapata mtu mmoja mzima, labda na nusu. Dada anayenitangulia ana sukari. Mimi nina presha, ambayo kwetu Butembo tunaiita tension. Mdogo wetu wa kike ana pumu, na vumbi la mtaa wetu wa Kimemi halimwonei huruma. Mzima alikuwa mmoja tu, kaka yetu, kifungua mimba, muuza vipuri vya magari. Ndiye aliyetupeleka hospitali, ndiye aliyetununulia dawa, na ndiye aliyetucheka.

"Miye nilizaliwa kwanza," alizoea kusema. "Nikabeba afya yote, ninyi nikawaachia masalio."

Alikuwa mrefu wa kuinama kwenye kila mlango. Ndani ya gari lake alisukuma kiti cha dereva nyuma mpaka kikagoma, na aliyekaa nyuma yake alisafiri magoti yakiwa karibu na kidevu. Kila mara alikuwa mdogo wetu, na kila mara alilalamika.

Tulipomaliza matanga ya mama, kaka alisema tumechoka, twende tukapumzike Fort Portal, ng'ambo ya mpaka, kwenye vilima na hewa safi. Shangazi alimtazama kama mtu aliyepatwa na homa.

"Munande anapumzikaka?" aliuliza, akimaanisha mtu wa kabila letu. "Anafungaka duka siku ya mazishi tu."

Tulicheka sana siku ile. Sasa nikikumbuka sicheki.

Mimi nilitoa sharti moja: bima. Miaka ya nyuma mdogo wetu alibanwa na pumu Kampala, na hospitali moja ikamkalisha kwenye benchi akihema mpaka mtu alipoleta dhamana. Nilimshika mkono pale kwenye benchi nikaapa kwamba sitavuka tena mpaka bila mtu wa kutusimamia upande wa pili. Kaka alisema nina woga wa kuku. Lakini alitupeleka.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati. Kijana wa bima alikuwa amevaa tai, mpole, na alituita "ba mama" kwa heshima. Alituambia kuna bima za aina mbili. Ya kwanza ni rahisi, lakini haijui magonjwa ya zamani.

"Mama akianguka huko juu ya tension yenye alikuwa nayo," alinieleza, "hatulipe kitu."

Ya pili inakubali magonjwa yote, mradi tuyaseme yote bila kuficha, na daktari wao wa Beni atupime.

"Chukua ile inajua magonjwa," kaka aliniambia. "Hawa badada yangu, ukitoa magonjwa, hakubakie mutu."

Hata yule kijana alicheka. Kisha nikauliza bima inaanzia wapi, na kicheko kikamwisha.

"Kasindi, mama. Kisha pont, ng'ambo ya daraja. Huku kwetu banaita zone rouge, eneo ya hatari. Assurance haiingiake."

Chini yetu mtu alikuwa anakata mabati. Kutoka Butembo hadi Beni, na kutoka Beni hadi Kasindi, ndiko watu wanakochinjwa na waasi mashambani na magari kuchomwa, na ndiko tungekwenda na Mungu peke yake. Ng'ambo, kwenye mashamba ya chai na maziwa ya volkano, ndiko tungelindwa.

"Bon," kaka alisema. "Donc, kama ni kufa, tukufe kisha pont."

Daktari alitaka tuje na dawa tunazokunywa kila siku. Nilipofungua boksi langu la dawa za tension nikakuta tena zimepungua. Kwa miezi kadhaa dawa zangu zilikuwa zinaisha kabla ya mwezi, na nilikuwa nimekwenda kugombana na muuza dawa, nikamwita mwizi mbele ya wateja. Kaka alikuwa amesimama pembeni yangu siku ile, akanisaidia kugombana, akagonga meza kwa kiganja. Yule muuza dawa alituongezea vidonge ili tuondoke.

Hospitalini Beni tulinawa mikono mlangoni kwenye ndoo yenye klorini, desturi iliyobaki tangu Ebola. Wadada tulipita mmoja mmoja. Kaka alikuwa amebeba mikoba yetu mitatu begani kama muuza mitumba, akisema yeye ni dereva tu. Daktari alimwambia kundi ni kundi, wote wapimwe. Akaingia huku anatania, akakaa muda mrefu kuliko sisi wote. Alitoka amekosea vifungo vya shati.

"Daktari anapenda story," alisema, na njia yote ya kurudi hakutania tena.

Wiki iliyofuata kijana wa bima alituita. Hakukaa. Alisimama nyuma ya meza yake.

"Ba mama, ninyi batatu, oui. Magonjwa yenu inajulikana, inatunzwa." Akamgeukia kaka. "Papa, wewe, hapana. Moyo imepanuka. Daktari anasema utunzwe kwanza, kisha turudilie maneno ya safari. Na anauliza, dawa ya tension yenye unakunywaka, nani alikuandikia?"

Nilimtazama kaka. Kaka alitazama viatu vyake. Hapo nikaelewa vidonge vyangu vilikuwa vinakwenda wapi.

Nilikasirika. Nyumbani kwake, mbele ya mkewe, nilimuuliza amekuwa mwizi tangu lini. Nilitaka aniambie ni uongo. Alikaa akizungusha kikombe cha kahawa.

"Miye nikilala, nani atasimama?" alisema. "Mukiniona na dawa, ninyi bote mutaanguka."

"Mficha maradhi kilio humfichua," alisema dada wa sukari, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kunyamaza. Mkewe aliinuka akaenda jikoni.

Tulisema safari imekufa. Kaka akakataa katakata. Alisema ametuahidi, bima yetu imekubaliwa, na tukibaki tutamkalia kama maiti. Angetufikisha Kasindi, arudi, na siku ya lundi, yaani Jumatatu, angekwenda kwa daktari kuanza dawa zake mwenyewe. Aliapa kwa jina la mama. Kwetu mtu akiapa kwa jina la marehemu hakataliwi, basi tukafunga mizigo.

Kutoka Beni tulipanga mstari nyuma ya gari la askari. Kakao ilikuwa imeiva mashambani na hapakuwa na mtu wa kuichuma. Tulipita lori lililoungua, mbao za bodi yake zimebaki makaa, na nyumba ambazo milango ilikuwa wazi na hakuna kuku uani. Hakuna aliyezungumza. Mimi sikuwa natazama vichaka kama wengine. Nilikuwa natazama shingo ya kaka, mshipa mmoja uliokuwa unaruka chini ya sikio, na nilikuwa namwomba Mungu mambo mawili kwa pamoja mpaka nikachanganya maneno.

Kasindi nilimpa boksi zima la dawa zangu. Nyingine nilikuwa nimejiwekea. Alilipokea kwa mikono miwili, mbele ya wote, na nilifurahi kwamba angalau sasa anazipokea wazi. Alitubebea mizigo mpaka kwenye kizuizi.

"Muende muzuri, bagonjwa yangu," alisema.

"Baki muzuri, yaya," tulimjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

Jioni alipiga simu kutoka Butembo. Amefika. Mdogo wetu alipiga vigelegele chumbani mpaka wenye nyumba ya wageni wakaja kutazama. Tulikuwa tumeiogopa ile barabara kiasi kwamba ilipomwachia, tuliona ametoka kwenye hatari zote.

Fort Portal hakuna hata aliyekohoa. Sukari ya dada ilikaa sawa, pumu ililala, tulitembea kwenye mashamba ya chai kama wasichana wa shule. Kaka alipiga kila siku kutuuliza nani amefaidi bima. Lundi alisema daktari alikuwa na watu wengi, angerudi.

Karibu na mwisho wa safari nilikuwa natafuta kitambaa cha kichwa chini kabisa ndani ya mkoba wangu. Nikakuta lile boksi la dawa nililompa kaka, halijafunguliwa. Alikuwa amelirudisha pale kizuizini, wakati anatubebea mizigo.

Nilipiga simu yake nikiwa na matusi tayari mdomoni. Alipokea mkewe.

"Ameenda Kyavinyonge, kule ziwani," alisema, "kuleta samaki ya kuwapokea. Simu ameacha. Kule réseau hakuna."

Nilimwambia amwambie kwamba nimeliona boksi, na nikifika nitamtia vidonge mdomoni kwa mkono wangu. Nilisikia watu wengi nyuma yake, nikadhani ni wateja.

"Mukuje muzuri, dada," alisema. "Hapana haraka."

Tulivuka daraja la Kasindi mchana. Gari la kaka lilikuwepo, limeoshwa, lakini aliyesimama kando yake alikuwa jirani yake wa dukani, mtu mfupi mwenye mvi. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili.

"Na yaya?" niliuliza.

"Iko nyumbani. Banawangoja."

Alipakia mizigo haraka. Msafara wa askari ulikuwa unakaribia kuondoka. Mdogo wetu aliingia nyuma ya dereva, mahali pake pa siku zote, akanyoosha miguu.

"Leo kuko nafasi!" alisema, kwa furaha kabisa.

Niligeuka nikatazama kiti cha dereva. Kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka karibu na usukani. Kwetu msafiri haambiwi habari ya msiba akiwa njiani, na wa mwisho kuambiwa ni mtu wa tension, mtu wa sukari na mtu wa pumu. Nyumbani walikuwa wamekaa chini wakayapima magonjwa yetu, wakaamua, kama yule kijana wa bima. Dada wa sukari alikuwa tayari amenishika goti.

"Rudisha kiti nyuma," nilimwambia jirani.

Hakugeuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "nikirudisha, miguu yangu haifike."