Jino la Felista

Nakumbuka, mwanangu, mchana ule mdogo wangu Felista alipouma kokoto ndani ya ugali wa ulezi, nusu ya jino lake la upande ikameguka. Wazazi wetu walikwisha kufa. Mimi ndiye niliyemlea pale Msanzi, na posa yake kutoka Mwimbi niliipokea mimi.

Sista wa zahanati ya misheni alimchungulia kinywani. "Jino hili linaponyeka," akasema. "Nendeni Mbeya kwa daktari wa meno. Atatoa uozo wote, achukue kipimo, atengeneze kipande cha dhahabu kitakachokaa sawasawa pale palipomeguka."

Mbeya ilikuwa mbali, nayo harusi ilikuwa karibu. Niliogopa wakwe wasije wakasema tumewaficha ubovu. Ujana huogopa macho ya watu kuliko maradhi. Nikampeleka Sumbawanga, mtaa wa Majengo, kwa sonara mmoja aliyekuwa akivisha watu meno ya dhahabu. Hakusafisha kitu. Alilifunika jino lile kama mtu afunikavyo chungu cha mboga iliyochacha.

Njiani Felista akaniambia, "Dada, linapwita. Turudi akalitoe."

"Vumilia," nikamjibu. "Unataka kwenda kwa mume na pengo?"

Akavumilia, kwa kuwa alizoea kunitii. Siku ya nne shavu lilivimba hata jicho likafumbika. Sista alikamua usaha, akang'oa jino, akaokoa roho yake. Lakini taya lilikakamaa na mdomo ukaenda upande. Watu wa Mwimbi walituma mshenga kuvunja posa, kwa adabu kabisa, wakaoa kwingine.

Husemwa si kila king'aacho ni dhahabu. Ile ilikuwa dhahabu kweli, mwanangu.

Felista aliishi kwangu mpaka alipofariki, akila uji na ugali uliolainishwa kwa mchuzi. Hakunilaumu. Ila hakuniita Dada tena. Aliniita kwa jina, kama jirani. Nilipomwomba radhi, miaka imekwisha kupita, alisema tu, "Yamepita, Yustina," akaendelea kupepeta ulezi wake.

Basi usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo; lakini usizibe juu ya uozo. Toa kwanza kilichooza, hata kama kinauma, hata kama wageni wako mlangoni. Na mdogo wako akikuambia anaumwa, usimvumilishe kwa ajili ya aibu yako wewe.

Nenda salama. Mungu akupe afya, na akupe masikio ya kumsikia aliye chini yako.