Wanasesere Chini ya Kanga

Kwa miaka miwili nilikuwa na wanasesere saba ambao sikuwaona. Walikuwa pale pale sebuleni kwangu, huku ughaibuni Merrylands, juu ya rafu iliyopigiliwa ukutani, wamefunikwa kanga ya mama. Nilipangusa vumbi pembeni ya kanga na sikuigusa. Mgeni akiuliza kuna nini chini yake, nilimwuliza kama anakunywa chai au kahawa.

Si wanasesere wa kuchezea. Hutengenezwa na bibi mmoja wa Kizungu anayekaa Penrith, mbali huko na treni, kwenye nyumba yenye uwanja na kuku watatu wakorofi. Anawashona kwa mkono, mmoja kwa miezi, na wote ni watu waliopigania haki za wenzao. Nilimkuta kwenye maonyesho ya kazi za mikono nikitoka zamu, miguu inawaka moto, natafuta chipsi. Mezani kwake nikamwona mwanamke mweusi wa kitambaa, koti la kijivu, miwani, mkoba mapajani. Alikuwa yule mama wa Marekani aliyekataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Bibi akanionyesha jinsi alivyoyashona magoti yakiwa yamekunjwa kabisa, na jinsi alivyomjaza mchele makalioni ili awe mzito. Huyu, aliniambia, hata umlazimishe vipi hawezi kusimama. Nilimnunua papo hapo na chipsi nikazisahau.

Baadaye wakafuata wengine sita, wote wa kusimama: mzee wa wenyeji wa asili wa nchi hii aliyedai ardhi ya babu zake, mama wa Kenya aliyetetea miti, na wenzao. Watu waliniuliza mtu mzima anataka nini na wanasesere. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku nzima nainama, na siku nzima nasema samahani hata kwa makosa yasiyo yangu. Nilipenda kufungua mlango wangu nitazamwe na watu ambao hawakukubali kuinamishwa. Kwamba mimi mwenyewe nikipigiwa simu kwamba mwenzangu anaumwa, ulimi wangu husema ndiyo kabla sijafikiri, hilo sikulihusisha nao.

Kisha mama akaja kutoka Tanga, kwa miezi mitatu ya viza, katikati ya baridi. Jioni ya kwanza akauliza kibla kiko wapi. Nilikuwa nakijua vizuri, lakini ndipo nilipogundua kwamba kibla na rafu ya wanasesere viko upande mmoja. Chumba alichokuwa analala kilikuwa kidogo, kitanda na sanduku lake vimekijaza, hapakuwa na pa kutandika mswala. Mama ni mtu wa zamani, haswali mbele ya sanamu. Nikaona aibu, nikasema nitawashusha wote nikawafiche kwenye kabati la kufulia.

Akakataa. Nyumba ni yangu, alisema, na yeye ni mgeni. Akafungua sanduku lake, akatoa kanga, akaitupia juu ya rafu, akaswali. Alipomaliza akaiondoa na kuikunja vizuri. Alifanya hivyo mara tano kila siku, bila kulalamika na bila kusahau hata mara moja.

Jumapili moja aliniomba nimjulishe kwao. Nikampitisha mmoja mmoja huku napiga pasi sare yangu. Tulipofika kwa yule wa koti la kijivu akauliza, "Na huyu alifanya nini?"

"Alikaa kwenye kiti, akakataa kuondoka."

"Alikaa tu?"

Nikamweleza kwamba alikamatwa, na kwamba watu wa mji wake wakayasusa mabasi, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima. Mama akamchukua, akampima uzito mkononi, akayabonyeza yale magoti. Kisha akanitazama mimi niliyesimama na pasi.

"Na wewe hebu kaa kitako, mwanangu."

"Nitakaa, Mama. Nina shift saa tisa."

Ndivyo tulivyoishi miezi yote mitatu. Yeye akipika bokoboko, mimi nalila nimeegemea sinki. Yeye akianza habari ya mtu fulani wa mtaani kwetu, mimi namwambia atanimalizia nikirudi, na nikirudi amelala. Nilimpeleka dukani, nilimpeleka kuona bahari, nikampiga picha nyingi sana. Nilijiambia ninamtunza. Jioni nikitoka nilikuwa namwacha kwenye kochi na kikombe chake, hita inanguruma miguuni, nyumba nzima kimya. Nikiikumbuka picha hiyo sasa, najichukia kidogo.

Siku ya kuondoka aliswali alfajiri mimi nikiwa tayari nimewasha gari. Nilimwita mara tatu. Akatoka taratibu na mkoba wake mkubwa ameukumbatia kifuani, akakataa nisimbebee. Niliporudi kutoka uwanja wa ndege nikakuta hakuondoa kanga. Nikaenda kuivuta, na harufu yake ikanipiga usoni, iliki na udi, mama mwenyewe. Nikaiachia. Nikasema nitaitoa kesho.

Kesho hiyo ikawa miaka miwili. Huko Tanga magoti ya mama yalizidi kuuma na daktari akamkataza safari ndefu. Mimi nilipanga kwenda mara mbili na mara mbili nikaahirisha, kila mara kwa sababu ya kazi, kila mara kwa sababu niliyoiona kubwa siku ile. Nilikuwa na hamu na mama yangu kiasi kwamba nikipita mbele ya rafu nilikuwa naingiza pua kwenye kanga, mwanamke mzima, kisha nakwenda zangu kazini. Harufu ya udi ilikwisha baada ya miezi michache. Ya iliki haikuisha, na mimi nikaichukulia kuwa ni huruma ya Mungu kwangu.

Wiki iliyopita bibi wa Penrith akanipigia. Maktaba ya kwao inataka kuwaonyesha wanasesere wake, naye anawaomba wote walionunua wamwazime. Atapita kwangu Jumamosi mchana. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Jumamosi nilivaa sare kabisa, maana nilikuwa na zamu, nikasimama mbele ya rafu, nikaivuta kanga. Vumbi kidogo likaruka. Nikawahesabu, nikawahesabu tena. Walikuwa sita. Mahali pa saba palikuwa na kopo langu la iliki, kifuniko hakijakaza, limetegemezwa kitabu ili lifikie kimo cha mtu aliyekaa. Kopo hilo nilikuwa nimelitafuta jikoni tangu mama aondoke, mpaka nikakata tamaa. Kwamba nilicheka peke yangu nalijua, na kwamba katikati ya kicheko nilianza kulia nalijua pia.

Nikampigia simu. Kwao ilikuwa asubuhi.

"Shikamoo, Mama. Kuna mwanasesere wangu mmoja simwoni."

"Marahaba. Ninaye hapa," akasema, bila hata kukohoa.

Aliniambia yuko kwenye kiti karibu na kitanda chake, na wakati wa swala humfunika mtandio. Nikamwuliza kwa nini hakuniomba, ningempa. Nikasema kwa mzaha kwamba sikutegemea yeye, kati ya watu wote, aje kuniibia sanamu. Mama hakucheka.

"Ulikuwa ukienda kazini namshusha, namweka kwenye kochi, nakunywa naye chai," akasema. "Wale wengine wote walikuwa wamesimama, kama wewe. Huyu peke yake ndiye aliyekaa na mimi."

Nje niliisikia gari ya bibi ikiegeshwa, mlango wake ukifungwa. Saa ya ukutani ilinionyesha kwamba nimebakiwa na dakika ishirini kufika kazini. Kwenye simu nasikia jogoo wa jirani yake mama.

"Hivi sasa umekaa?" akaniuliza.

"Nimekaa, Mama," nikamwambia.

Nilikuwa nimesimama, viatu miguuni, funguo za gari mkononi.