Nyumba ya Zamani Ianguke Kwanza

Lori lilifika asubuhi, likasimama kando ya shamba la ndengu, na dereva akakataa kuzima injini. Alikuwa na viazi vya kuchukua Kibirichia kabla ya jioni, na kutoka huku chini, upande mkavu wa Embu, hadi kule juu si mwendo wa kuchezea. Nyuma alikuwa amebeba mabati ya nyumba moja.

"Madam, tushushe ama nirudi nayo?"

"Ngoja kidogo."

"Kidogo ya ofisi ama kidogo ya kawaida?"

Vijana waliokuja kushusha mzigo wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia mawingu.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia nyumba ambazo shirika letu liliwajengea watu wasio na uwezo, kwa pesa za wafadhili. Matofali yetu hayakuchomwa. Yalikuwa udongo wa hapo hapo, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Yakiwa chini ya paa yanadumu. Yakiwa wazi, mvua kubwa inayala kama sukari. Kuta za nyumba hii zilikuwa zimefika juu, wazi kabisa, na upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuinua vumbi.

Kabla ya mabati kushushwa, sharti moja lilikuwa limebaki: nipige picha ya nyumba ya zamani ikiwa imebomolewa. Sharti hilo halikuwekwa bure. Kwingineko watu walipewa nyumba mpya wakazipangisha kwa walimu, wenyewe wakabaki kwenye zile za matope. Wafadhili waliposikia, wakaamua ya zamani ianguke kwanza. Mwenye boma hili, mjane mwenye kijana mmoja na wasichana wawili wadogo, alikuwa ametia sahihi kama wengine. Lakini asubuhi hiyo nyumba yake ya matope ilikuwa bado imesimama, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Mama, tulikubaliana itakuwa imeshuka," nikamwambia.

"Ingia uone kwanza."

Niliingia. Nilikumbuka chumba hicho kikiwa na vitanda viwili, masufuria na nguo za watoto. Sasa kulikuwa na kitanda kimoja, shati la shule kwenye msumari, na vitabu vya kidato cha tatu vilivyopangwa juu ya ndoo.

"Wasichana wanalala wapi?"

"Jikoni, na mimi. Tangu Desemba."

Hakuhitaji kunieleza zaidi, lakini alinieleza. Tulipoiandikisha familia yake, kijana alikuwa bado mtoto. Desemba alitahiriwa, na huku kijana akishatahiriwa halali tena chini ya paa moja na mama yake. Hilo halijadiliwi. Basi mama akampa nyumba, akahamia kibanda cha jikoni na wasichana, kwenye moshi, akingojea ile mpya iishe atoke. Ya zamani ingebaki thingira, nyumba ya kijana.

"Nikiiangusha, analala wapi?" akauliza. "Binamu yake ako Kangeta, anachuma miraa. Amemwambia kuna kazi na kuna mahali pa kulala. Anangojea tu jibu."

Nilipiga simu ofisini, Embu mjini. Nikauliza kama tunaweza kubomoa jikoni badala yake. Hapana, picha lazima ioane na ile ya kwanza, tuliyopiga wakati wa kuandikisha. Je, mabati yashuke, nyumba ibomolewe baadaye? Hapana, mahali pengine hiyo baadaye haikufika. Mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya. Alisema hata yeye ana wa kumjibu, na kwamba lori likirudi na mzigo hawezi kuniahidi litatoka tena lini.

Nikamuuliza fundi kama miti ya nyumba ya zamani ingeweza kujenga chumba kingine. Alibonyeza nguzo moja kwa kidole gumba, kidole kikazama. Mchwa.

"Hii inasimama kwa sababu imezoea," akasema. "Ikilala haiamki."

Wakati huo mwenyekiti wa kikundi cha waliongojea nyumba alikuwa amefika, akihema. Nyumba yake ilikuwa inayofuata, na msingi haungechimbwa kabla hii haijaisha.

"Wewe unatuchelewesha sisi wote," alimwambia mjane. "Kijana si yai. Atalala hata nyuma ya duka, kuna wengi wamelala huko."

"Wako alilala huko. Sasa ako wapi?"

Watu wote pale walijua kifungua mimba wa mwenyekiti alikuwa wapi. Alikuwa Kangeta, na sare yake ya shule ilivaliwa na mdogo wake.

Tone la kwanza likagonga kioo cha lori. Dereva akapiga honi.

"Madam! Viazi haviningojei!"

Kijana mwenyewe alikuwa amesimama karibu na tangi la maji tangu mwanzo, mikono mfukoni. Ilikuwa Jumamosi. Aliziangalia kuta mpya, akaangalia mawingu, kisha akaja mbele ya mama yake.

"Mama, wacha ianguke. Hii mvua itamaliza nyumba yako. Mimi nitajipanga."

"Utajipanga wapi?"

Mama akanigeukia.

"Wakishapata hiyo picha, kuna mtu anakuja kuuliza nani analala chumba gani?"

"Wanaangalia kama nyumba mpya ina watu," nikasema. "Chumba kwa chumba, hapana."

"Toa kitanda chako," akamwambia kijana. "Na vitabu. Peleka jikoni kwa sasa."

Yeye mwenyewe ndiye aliyechukua jembe na kupiga ukuta wa kwanza. Vijana wakamsaidia. Haikuchukua muda, fundi alikuwa amesema kweli. Nilipiga picha vumbi likiwa bado hewani, nikaituma, na mabati yakaanza kushuka. Tuliyalaza juu ya kuta, tukayakandamiza kwa mawe na miti, na mvua ikatukuta tukiwa hapo juu. Lori liliondoka likiteleza. Kuta hazikuyeyuka.

Niliporudi katikati ya wiki, fundi alikuwa anapigilia misumari ya mwisho. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Nilidhani nitawakuta wasichana wakigombania chumba, lakini walikuwa jikoni, wakikohoa na kucheka kando ya moto, godoro lao limesimamishwa ukutani. Mama alikuwa ndani ya nyumba mpya, akifuta dirisha kwa kitambaa.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Si ulikuwa utoke jikoni?"

"Hii sasa ni thingira yake. Amesema Kangeta haendi," akasema, akiendelea kufuta. "Jana alisoma hapa mpaka taa ikaisha mafuta."

Nje kijana alikuwa amefika kutoka shule, akapita jikoni, na sasa kitanda chake kilikuwa begani. Hakuingia. Alikiegemeza ukutani, akasimama hatua chache kutoka mlangoni, akangoja mama yake amalize dirisha na atoke.