Samaki wa Kumlisha Mama

Kwenye hoteli wanayofikia wavuvi wa starehe, mpishi mkuu walimbandika jina la Moto Mdogo, maana kutwa alikuwa akiwafokea wenzake: "Moto mdogo, jamani! Mnapika samaki au mnachoma mkaa?" Na alikuwa na haki ya kufoka. Wageni wakishapiga picha na nduaro wao, lisamaki lenye pua kama upanga na urefu wa kuzidi kitanda, walimwachia yeye mzigo. Nyama ya nduaro ni ngumu na haina mafuta. Ukizubaa kidogo tu imekauka, haimezeki. Sharti uikate vipande vyembamba, uilaze kwenye ndimu na mafuta, uichunge kama maziwa yanayotaka kufurika. Akitoka jikoni hapo miguu imemvimba, mgongo haunyooki.

Lakini nyumbani ndiko kulikomchosha zaidi. Mama yake alikuwa hali chakula. Daktari alishasema wazi kwamba mama huyo asipokula atarudishwa wodini, na mwili ule haukuwa wa kustahimili wodi tena. Basi mtu ambaye wageni humfuata jikoni kumpa mkono, kumlisha mama yake mzazi kumemshinda! Roho ilimuuma, asikudanganye mtu.

Alianza na jodari. Akaitoa ile nyama nyeusi ya ubavuni yenye ladha ya damu, akapika mchuzi mwepesi. Mama akaonja, akasukuma sahani. "Mzito huyu, mwanangu." Siku nyingine akaja na nguru, mnono, akamkaanga akatoka mzima bila kumeguka. Mama akamsifu weee, akala tonge moja, akanawa. Mwishowe akaleta fulusi, ambaye nyama yake ni laini hata kibogoyo anaimudu. Akampika kwa mvuke na kitunguu, akatenga, kisha akajitupa kitandani na viatu vyake miguuni, kama kawaida.

Alipozinduka, sahani ilikuwa vilevile.

Hapo uchovu wote ukampanda kichwani. "Mama, unataka samaki gani? Huko baharini wamebaki papa na nyangumi tu! Niambie nimpike nani, mimi nimechoka!"

Mama hakukasirika. "Samaki zako zote tamu," akasema taratibu. "Ila ukishatenga tu unalala. Tangu baba yako afariki, mimi nakula na ukuta. Tonge halipiti, mwanangu."

Moto Mdogo akainuka kitandani. Macho yalikuwa yakijifumba yenyewe. Akavua viatu, akanawa mikono, akavuta kigoda, akamega kipande akatia mdomoni.

"Amepoa, mama. Ngoja nikampashe."

"Usiinuke," mama akasema, akanyoosha mkono sahanini. "Kaa hapohapo, tule."