Siku Mpwa Wangu Alipofungwa na Kompyuta za Hewa

Haya hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata mimi nisingeyaamini kama si mimi niliyekuwepo. Mwenyewe anapiga pasi hapa nyuma yangu, na kila mara anachungulia ninachoandika.

Ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi kompyuta. Nyumbani tunamwita Bi Waya. Siku hiyo mama yake alikuwa amelazwa, kesho yake apasuliwe, na mwisho wa kuona wagonjwa ni jioni. Nikampitia kazini twende pamoja. Nikamkuta kwenye chumba kisicho na dirisha, baridi ya kuhifadhia samaki. Bosi alikuwa amemwachia neno: "Ukitoka kabla hazijawaka, usirudi."

Hazijawaka nini? Kompyuta sita za hewa. Hazishikiki, zinaishi ndani ya kompyuta moja kubwa kama wapangaji. Alikuwa anazipiga Linux, ile programu ya kuziendesha, kutoka kwenye CD, na amezipa faili la majibu ili zijisomee zenyewe, zisimuulize mtu kitu.

"Sasa kinachokushinda nini?"

"Zinamaliza vizuri, Mjomba. Zikijizima na kuwaka, zinaanza upya."

"Kama wewe darasa la nne."

"Aliyerudia darasa la nne ni wewe."

Nikakohoa, nikatafuta kiti.

Akarekebisha faili, akaanzisha tena. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ukatambaa kwenye kioo mpaka mwisho, ukarudi sifuri. Akarekebisha tena, ukarudi sifuri. Simu ikalia, mama yake. "Nakuja, mama," akasema, macho kwenye kioo. Mlango ulikuwa wazi, lakini mahabusu ana nafuu.

"Faili halina kosa," akanong'ona. "Nimelisoma lote."

Hapo sasa ndipo akili yangu ilipochemka. Nikasimama, nikamwambia: "Mwanangu, achana na faili. Asubuhi, umesema mwenyewe, ziligoma kuwaka, ukaziamuru zianze na CD. CD bado imo, nayo ya hewa. Kila zikiamka zinaikuta hiyo kwanza, zinajipiga upya. Ziambie zianze na diski yao." Akatii. Zikawaka zote sita. Bosi akaja mbio kunishika mkono, akaniomba nibaki niwe mwalimu wao, nikakataa kwa sababu ya mgonjwa. Tukawahi wodini muda haujaisha, dada yangu amekaa kitandani, nikawa namsimulia jinsi nilivyoiokoa kazi ya mwanawe kwa—

"Mjomba," anasema mwenye pasi hapa nyuma, "CD niliigundua mimi, wewe ulikuwa unakoroma. Mama alikusikia kwenye simu."